Mabawa Matatu ya Sipre

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita 2024

Kiangazi kimeingia. Wiki nzima haijanyesha, na vumbi la mtaa wetu wa Kadutu limeanza kulala juu ya mbao zangu kabla randa haijazigusa. Virginie, mke wangu, ameanza kulalamika kwamba narudi nyumbani nikiwa na rangi ya tofali. Ni miaka thelathini na nne analalamika hivyo kila kiangazi, na siku atakayonyamaza nitaita daktari.

Saa tano aliingia atelie, karakana yangu, msichana mwenye miwani na mkoba wa kompyuta. Sikumtambua mpaka alipotaja jina la baba yake. Ni Joviale, binti wa marehemu Mugisho aliyekuwa akiniletea mbao kutoka Bunyakiri. Mara ya mwisho nilimwona akiwa na sare ya shule. Sasa yuko mwaka wa mwisho wa uhandisi, na anaongea mbio kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

"Papa Placide, niko na kazi ya mbao. Nataka unichongee mabawa tatu."

"Ya malaika? Ya kanisa gani?"

"Ya mashine ya upepo. Upepo inasukuma mabawa, mabawa inazungusha sumaku, njo umeme inatoka."

Nilimwambia aende kwa watu wa chuma au wa plastiki, mimi ni mtu wa vitanda, makabati na milango. Akanijibu kwamba chuma ni kizito na huchoka, lakini ubao mzuri hupinda na kurudi mahali pake. Hapo nikamvutia kiti. Mtu anayeongea vizuri juu ya ubao hasimamishwi mlangoni.

Habari yake ni hii. Tarehe 29 mwezi wa nane maprofesa wake watakuja kuiona mashine ikizunguka palepale itakaposimikwa, kisha watampa diploma au watamnyima. Mwaka ule baba yake alipofariki, Joviale alianguka mitihani, akarudia. Chuo chao hakiruhusu kurudia mara ya pili. Mashine isipotoa umeme siku hiyo, miaka yake sita ya masomo inaishia hapo.

Nilikubali. Ndipo akaniambia kwamba kazi ya chuma ameshampa Ignace, yule mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara. Kidogo nimrudishie karatasi zake za mchoro.

Jumanne, tarehe 4

Virginie ameuliza kwa nini nimenuna. Nimesema sijanuna.

Kusema kweli, Ignace hajanikosea jambo ninaloweza kulipeleka kwa padri. Miaka kumi na miwili iliyopita parokia ilitaka milango mipya. Mimi nilileta mchoro wa ubao mgumu wa libuyu, yeye akaleta wa chuma, wakachukua chuma. Tangu hapo Bukavu nzima inataka milango ya chuma. Kila asubuhi ananisalimu, nami namjibu kwa kidevu.

Jumamosi, tarehe 8

Tumekwenda Mumosho, Joviale na mimi, kwa dada mkubwa wa Virginie, Maman Bintu, ambaye ndiye anayetoa kiwanja. Nyaya kubwa za umeme kutoka kwenye mabwawa ya Ruzizi zinapita juu ya shamba lake la maharagi zikienda mbali, na yeye anatembea saa nzima kwenda kuchajisha simu. Hazimsumbui. Kivuli cha waya kikifika kwenye migomba, anajua ni wakati wa kupika.

Joviale alitaka mlingoti usimame kileleni mwa kilima. Maman Bintu alicheka mpaka akaweka chini ungo wake.

"Hapo juu kuko mikalitusi, inakula upepo yote. Shuka huku kwenye bega. Banamama bote ba hapa tunapepeteaka maharagi huku. Kama saa nane ya muchana inafika, upepo inapanda kutoka Ruzizi, maganda inaenda yenyewe. Asubuhi usijisumbue, hata ukipepeta mpaka mukono ivunjike."

Nilifikiri msichana wa chuo atabisha. Hakubisha hata neno moja. Alifunga kipima upepo chake, kikombe kidogo kinachozunguka na kisanduku kinachojiandikia chenyewe, juu ya mti mrefu palepale penye maganda ya maharagi. Nilimpenda kwa hilo.

Jumatatu, tarehe 10

Nimejifunza leo kwamba upepo hauwezi kunyang'anywa nguvu zake zote. Joviale anasema ukizichukua zote, upepo utasimama nyuma ya mashine na kuziba njia, kama watu wanaotoka misani wakasimama mlangoni kusalimiana. Lazima uuachie kiasi cha kuondokea. Mtu mwerevu kabisa hawezi kupata zaidi ya sehemu hamsini na tisa kwa mia. Joviale anataka thelathini tu, na anasema thelathini ni heshima.

Nikamuuliza kwa nini bawa lake kwenye mchoro limesokotwa, pana na lenye mlalo mkubwa karibu na kitovu, jembamba na karibu bapa kule nchani. Akasema ncha inakimbia mara tano ya kasi ya upepo wenyewe, lakini shina linatembea polepole. Mtu akitembea, mvua inampiga kichwani. Akikimbia, inampiga usoni. Kwa hiyo kila mahali bawa linapaswa kuukabili upepo kwa namna yake.

Hilo nililielewa palepale. Nimekimbia mvua nyingi katika mji huu.

Jumatano, tarehe 12

Nimepanga mbao. Sipre, ule mti mwepesi unaochongeka vizuri, kavu ya miaka minne, mabanzi matatu safi. Zaidi ya hayo sina.

Jumanne, tarehe 18

Joviale amekuja akihema. Hesabu zake zote alizifanya kwa hewa ya kitabu, na kitabu kiliandikwa na watu wanaokaa kandokando ya bahari. Hewa yetu huku juu ni nyepesi zaidi, karibu sehemu ya tano ya uzito haipo. Kwa hiyo nguvu nayo inapungua vilevile.

"Sasa tutafanya nini?" nikauliza.

"Tutaongeza urefu ya mabawa, papa. Ilikuwa sentimeta makumi kenda, sasa itakuwa mita moja kamili. Bahati haukukata bado."

Nilikuwa nimeshika msumeno mkononi. Tulicheka mpaka Ignace akatoa kichwa mlangoni kwake ng'ambo ya barabara. Sijui kwa nini nilimpungia mkono. Ilinitoka tu.

Jumamosi, tarehe 22

Kipima upepo kimetoa habari zake za wiki mbili. Kuanzia alfajiri hadi saa saba, karibu hakuna kitu. Kuanzia saa nane mchana hadi jua kuzama, upepo wa mita tano kwa sekunde, siku baada ya siku. Joviale ameliandika jina la Maman Bintu chini ya ukurasa wa kitabu chake cha diploma, pale wasomi wanapoandika walikopata elimu. Nimempigia simu Maman Bintu kumweleza. Ameuliza kama wataweka na picha.

Jumamosi, tarehe 29

Bawa la kwanza limekwisha.

Nimefanya viti vya maaskofu na sijawahi kufanya kitu cha namna hii. Mgongo umevimba kidogo, tumbo liko bapa, ukingo wa nyuma mwembamba kama ganda la yai. Ukilipitisha hewani linajivuta lenyewe upande mmoja, utadhani lina haraka. Joviale alilipima mahali kumi kwa rula na kipimapembe, kimya, na mwisho akalikumbatia. Kisha akaomba radhi kwa kulikumbatia.

"Papa, zingine mbili uzifanye sawa hii. Mimi naingia mitihani, tutaonana tarehe makumi mbili kwa Papa Ignace, tuunganishe vyote."

Nilimwambia alale usingizi. Mimi si fundi wa kusimamiwa.

Jumanne, tarehe 2 mwezi wa saba

Vumbi. Natengeneza kitanda cha arusi, cha watu wa mtaa wa Nguba.

Jumamosi, tarehe 6

Bawa la pili limekwisha. Limependeza kuliko la kwanza. Nimeyaegesha pamoja ukutani, yanatazamana vizuri.

Alhamisi, tarehe 11

Siku mbili nimewaza juu ya bawa la tatu. Leo nimepata jibu. Kabati la milango mitatu halijawahi kunishinda, na hili pia halitanishinda.

Jumatano, tarehe 17

Yote matatu yamepakwa vanishi. Nimeyafunga ndani ya shuka ya Virginie bila kumwomba. Nataka Joviale ayaone kwa mara moja. Na Ignace pia, ayaone ajue ubao ni nini.

Jumamosi, tarehe 20

Niandike yote, hata kama sipendi.

Tulikutana kwa Ignace saa tatu asubuhi. Yeye alikuwa amemaliza kitovu cha chuma, mkia, na mlingoti wa bomba katika vipande vitatu. Kazi safi, niliitafuta kasoro, sikuiona. Joviale alikuwa ametoka mitihani juzi, amekonda, lakini anacheka na kila mtu. Alikuwa ameleta jenereta aliyoizungushia nyaya za shaba kwa mikono yake mwenyewe usiku na mchana. Niliweka mzigo wangu mezani na kuifungua shuka polepole kama padri anavyofunua kalisi ya misa.

Joviale aliangalia. Akachukua bawa la pili, akaligeuza. Akachukua la tatu. Akayapanga matatu kandokando, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Papa Placide, hii ni nini?"

"Mabawa yako. Hii ya kuume. Hii ya kushoto. Na hii ya katikati."

Maana ndivyo nilivyofanya. La kwanza lilisokotwa kwenda kuume. Basi la pili nikalisokota kwenda kushoto, kwa sababu katika miaka arobaini sijatengeneza kitu chochote cha upande mmoja bila kukipa mwenzake wa upande wa pili: mlango, ubavu wa kitanda, mkono wa kiti. Na la tatu, likiwa la katikati, nililiacha limenyooka bila kulisokota, kama ubao ule wa katikati ya kabati usiofunguka. Nililiona jambo hilo ni la akili sana. Nililiwaza siku mbili.

Joviale akaeleza kwa sauti ndogo. "Papa, yote inazunguka upande moja. Zote tatu zinapaswa kufanana, kabisa kabisa. Hii itasukuma huku, hii itasukuma kule, na hii ya katikati itaangalia tu."

Ignace alitugeuzia mgongo. Niliona mabega yake yanatikisika.

Joviale hakucheka. Aliketi juu ya bomba la mlingoti akahesabu kwa vidole. Zimebaki siku arobaini. Sipre yangu imekwisha. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu, ningepata la kujibu. Alisema tu, "Ni mimi sikukuambia vizuri," na huo ulikuwa uongo wa adabu, kwa sababu aliniambia: zifanye sawa na hii.

Niliona aibu. Naandika neno lenyewe. Nimeondoka bila kofia yangu, na kofia bado iko kwa Ignace.

Jumapili, tarehe 21

Misa. Sikuisikia.

Nimemweleza Virginie. Alitafuta namna ya kuwa mpole, akaikosa, akaniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza kama anavyofanya akinikemea.

"Kuuliza si ujinga, Papa Fabiola. Ungetuma tu telefone kwa ule mutoto."

"Sikuuliza juu nilijua."

"Njo vile unakuwaka," akasema, akaniongezea mboga. Nimezila. Makosa yangu yote makubwa niliyafanya nikiwa na uhakika.

Jumatatu, tarehe 22

Ignace ameingia atelie yangu saa moja asubuhi. Miaka kumi na miwili hajaikanyaga. Mkono mmoja alikuwa na kofia yangu, mkono mwingine mfuko wa zamani wa saruji uliojaa vyuma vinavyolia, na kwapani bawa langu la kwanza.

"Placide, yambo. Nilicheka juzi."

"Nilikuona."

"Nilicheka juu hata mimi ningefanya vilevile. Kila mulango natengenezaka, ni kuume na kushoto. Ningepatia ule mutoto bawa ya kuume na bawa ya kushoto, na ya tatu ningefunga kitasa." Akamwaga mfuko juu ya meza. "Sasa angalia."

Vilikuwa vipande kumi vya bati nene, kila kimoja kimekatwa tundu lenye umbo. Siku nzima ya Jumamosi, baada ya mimi kukimbia, alikaa na bawa langu la kwanza, lile zuri, akachora unene wake mahali pale kumi Joviale alipopima, akakata kila umbo kwa tindo na tupa. Alivisha kipande cha kwanza shinani, cha mwisho nchani. Vyote vilikaa sawasawa bila kuonyesha mwanga. Chini ya kila kimoja alikuwa amekwangua mstari wa pembe.

"Hii bawa ya kwanza iko bien, iko muzuri kabisa," akasema. "Sijaona mukono kama ule. Ukichonga zingine, pitisha hizi bati. Kama inaingia, ni sawa. Kama inakataa, toa kidogo. Hauna lazima ya kuwaza."

Neno la mwisho angeliweza kulisema kwa kejeli, hakulisema hivyo. Nimemkalisha. Tumekunywa chai. Tumeongea juu ya milango ya parokia kwa mara ya kwanza, na amekiri kwamba inalia kila mara padri anapotaka kimya, na kwamba angelipewa yeye kuchagua, angeliweka libuyu. Nilihisi kitu kimenitoka kifuani kilichokaa humo muda mrefu kuliko kilivyostahili.

Jumanne, tarehe 23

Sipre kavu hakuna. Lori la Bunyakiri linaleta mbao mbichi, na mbichi itapinda. Nimezunguka Kadutu yote, nimekwenda hadi Panzi, hakuna. Nimempigia Joviale simu kumwambia natafuta. Amesema sawa, papa. Sauti yake ilikuwa imechoka.

Jumatano, tarehe 24

Niliporudi nyumbani jioni nilikuta masufuria, sahani na glasi za wageni vimepangwa sakafuni juu ya kitambaa, na Virginie amesimama mbele ya rafu ya sebuleni, ile niliyomtengenezea mwaka tulipooana. Ubao mmoja mrefu wa sipre, miaka thelathini na nne ukikauka ndani ya nyumba yetu bila jua wala mvua.

"Hii haitoshi mabawa mbili?" akauliza.

Ilitosha. Nimeing'oa mwenyewe, misumari ikilia. Nimemwambia nitamtengenezea nyingine ya libuyu. Amesema anajua, na kwamba safari hii anaitaka ya kuume na ya kushoto. Nimemwoa mwanamke ambaye hataniacha nilisahau jambo hilo hadi kaburini, na nimefurahi hivyo.

Alhamisi, tarehe 1 mwezi wa nane

Bawa la pili, lile la kweli, limekwisha. Bati zote kumi zimeingia. Joviale alikuja kila jioni. Safari hii namuuliza kila kitu, hata ninachokijua, mpaka ameniomba nipumzike.

Jumatano, tarehe 7

La tatu limekwisha. Bati zote kumi.

Jumamosi, tarehe 10

Leo kusawazisha. Kufanana kwa umbo hakutoshi, lazima yafanane kwa uzito. Bawa moja likizidi, mashine inatetemeka mpaka inajivunja. Tumeyafunga kwenye kitovu na kukitundika kwa kamba moja kwenye boriti ya Ignace. Bawa la tatu lilishuka chini. Kuna fundo ndani yake, jicho dogo la ubao, ni hilo tu.

Nilikwangua karibu na shina, mbali na ncha, kama Joviale alivyoelekeza. Tukatundika. Likashuka tena. Nikakwangua. Ignace alisimama amekunja mikono, na mara ya saba akaomba randa kwa unyenyekevu, akakwangua unywele mmoja. Kitovu kikatulia, kimelala sawa kama maji ndani ya beseni. Hakuna aliyetaka kukigusa.

"Sasa hakuna mutu apumue," akasema Joviale, na Ignace alishika pumzi kweli.

Alhamisi, tarehe 15

Kupalizwa kwa Bikira Maria. Ignace na mkewe wamekula kwetu. Virginie amesonga bugali kwa lile bawa langu bovu la katikati, akisema limenyooka vizuri na halizunguki.

Jumamosi, tarehe 17

Mumosho. Watu thelathini wa kuvuta kamba, na wote wanatoa amri. Maman Bintu ndiye aliyesikilizwa.

Mlingoti ulisimama saa sita na nusu. Mkia ukageuka, ukatulia. Mabawa hayakusogea. Watu wakaanza kuangaliana, na mtu mmoja akauliza kama imeharibika. Maman Bintu akawaambia wakalete maharagi yao, wasipoteze siku bure.

Saa nane na dakika ishirini, wanawake wakiwa wameinua nyungo, maganda ya kwanza yalikwenda pembeni. Joviale alinishika mkono. Mkia ukageuza kichwa cha mashine kuelekea bonde la Ruzizi, bawa moja likashuka, lingine likapanda, kisha sikuweza tena kuyahesabu. Yalitoa sauti kama ya shuka inayokung'utwa. Ndani ya nyumba ya Maman Bintu taa ikawaka mchana kweupe, na watu wakaingia kwa zamu kuiangalia.

Nilifurahi hivi kwamba niliketi chini kwenye maganda ya maharagi na suruali yangu ya Jumapili.

Jumamosi, tarehe 24

Joviale anapima kila siku: upepo, mizunguko, umeme. Kuna namba moja inamsumbua na hataki kuniambia ni ipi.

Jumatano, tarehe 28

Kesho. Nimenyoa ndevu mara mbili.

Alhamisi, tarehe 29

Joviale alikuwa amewaandikia maprofesa waje saa nane mchana. Walikuja saa nne asubuhi, kwa sababu gari lao lilitakiwa kwingine jioni. Walikuwa watatu, na mkuu wao ni Profesa Carmel, mama mfupi mwenye sauti ya chini inayofanya watu wakae wima. Walisimama chini ya mlingoti wakainua macho. Mashine ilikuwa imelala kama ng'ombe wa saa sita.

"Mademoiselle, haizunguki," akasema Profesa Carmel.

Niliangalia viatu vyangu. Ignace aliangalia viatu vyangu pia.

Joviale alimsogelea. Alifungua kitabu chake ukurasa wa wiki mbili za upepo, akawaonyesha: saa nne, karibu sifuri. Saa nane, mita tano. "Kama ingezunguka sasa, Madame, kazi yangu ingekuwa ya uongo."

Profesa Carmel alisoma ukurasa ule, akasoma na jina lililoandikwa chini yake. "Bintu ni nani?"

"Ni miye," akasema Maman Bintu kutoka mlangoni. "Na bugali iko motoni. Kwetu mutu haondokake na chakula iko motoni."

Gari lilikuwa na haraka, lakini sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilikwisha kunukia. Walikaa. Walikula, wakaongezewa, wakaeleza habari za vijiji vyao. Saa nane ikafika na hakuna kitu. Saa nane na robo, dereva akawasha gari. Sijawahi kusali kwa maneno machache hivyo. Saa nane na dakika thelathini na tano majani ya migomba yakapinduka, na mkia ukageuka.

Walipima saa nzima kwa vyombo vyao wenyewe. Taa ziliwaka, redio iliimba, simu sita za majirani zilichajishwa kwa pamoja. Kisha wakaketi kwenye benchi na kumsimamisha Joviale mbele yao, nasi wengine tukabaki karibu na mlingoti tukisikiliza.

Maswali yalikuwa mengi na mengi sikuyaelewa. Lile la mwisho nililielewa. Profesa Carmel aliweka kidole kwenye karatasi.

"Hesabu yako inasema mashine itashika nguvu sehemu thelathini kwa mia. Wewe umepima thelathini na tatu, na sisi leo tumepima thelathini na tatu. Miaka yote nafundisha, kipimo inakuwaka chini ya hesabu, haiyakuwa juu. Kosa iko wapi?"

Ndiyo ile namba. Nilijua mara moja kwamba hii ndiyo ile namba, na nikarudi hatua moja nyuma ya mlingoti, kwa maana palipo na kosa katika mashine ile, mwenye historia ni mimi.

"Nimetafuta kosa siku kumi, Madame," akasema Joviale. "Nimehesabu tena yote. Kosa ni moja tu. Kitabu inasema, kama mabawa inachongwa na mukono, utoe sehemu fulani juu ya makosa ya fundi. Nilitoa. Niliweka fundi wa kawaida." Akanyoosha mkono kwetu, Ignace na mimi. "Sikuwa naye."

 Profesa Carmel alinyanyuka kutoka benchi, akaja mpaka mlingotini, akatusalimu kwa mikono miwili, kwanza mimi, halafu Ignace, akarudi kuketi. Akatangaza distinction, daraja la heshima. Wanawake wakapiga vigelegele, na Joviale, ambaye siku arobaini hakutoa chozi mbele yangu, akalia kwenye bega la Maman Bintu na miwani yake ikapotea kwenye maganda, tukaitafuta sote.

Nimemsimulia Virginie yale maneno mara nne tangu tufike nyumbani. Nilipoanza mara ya tano aliniambia nile kwanza, chakula kinapoa. Nimekula. Kisha amevuta kiti karibu na kusema, haya, rudilia, aliweka fundi wa namna gani?